Bi Hasina binti Maan na Uwanja wa Mchezo wa Ghubra

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu, majirani na jamaa mliofika hapa sablani, baraza letu la wanaume, Ghubra leo Alkhamisi, tarehe 16 Januari 2025, siku ya tatu ya msiba wetu, na kina mama mnaonisikia kwa kipaza sauti upande wa pili, mimi ni Mahfoudh bin Maan, ndugu yake marehemu aliyemfuata kuzaliwa, na naona baadhi yenu mnaitazama karatasi hii mkononi mwangu kwa shaka, maana kwetu msiba ni Qur'ani, dua na kahawa, hatuna ada ya kusoma historia ya mtu. Ni yeye mwenyewe aliyetaka, aliliona jambo hili Dar es Salaam alipokwenda kumzika mwalimu mwenzake, likampendeza, akaniambia, "Mahfoudh, mimi utanisomea, na useme tarehe, usiseme sifa." Basi nitasema tarehe, na yako mambo mengine nitayasema ambayo hakuniagiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1957, Unguja mjini, mtaa wa Kokoni, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Maan bin Hamoud, karani wa bandarini, na Bi Mazoon, mshoni wa nguo za maharusi, nami nikazaliwa miaka mitatu baada yake. Alipokaribia kutimiza miaka saba ikaingia Januari 1964, mambo yake nyinyi wenye umri wangu mnayajua, sitoyaeleza, nitasema tu kwamba Bimkubwa, mama yetu, alitufungia ndani wiki kumi na moja, madirishani kapachika mablanketi, na kila aliyebisha hodi kwake alikuwa adui, hata jirani aliyekuwa akituletea mihogo, akatufunza tusimwambie mtu jina la baba wala tulichokula mchana. Hasina akafungua duka la vifungo chini ya kitanda, akininong'oneza, "Karibu bwana, leo tumepata vya lulu, vimeshuka jana," na mimi mteja wa miaka minne nikibishana naye kwa kunong'ona, mpaka siku moja nikasahau nikacheka kwa sauti, Bimkubwa akatujia mbio mkono juu, akainama akatuona, kisha akakaa sakafuni akalia, akasema, "Chezeni wanangu, lakini polepole." Katika nyumba ile moja mimi nilijifunza kwa mama kumshuku kila anayegonga mlango, na dada yangu alijifunza kitu kingine, ambacho mimi nimekifahamu uzeeni.

Kuhusu elimu yake, alianza skuli Unguja mwaka huohuo wa 1964, akaendelea Mombasa tulikohamia mwezi wa Agosti 1968, na tarehe 21 Oktoba 1972 tukafika hapa Maskati, tukapanga vyumba viwili Hamriya, yeye msichana wa miaka kumi na tano asiyejua Kiarabu zaidi ya kile cha kuswalia, akawekwa darasa moja na watoto wa miaka kumi. Walimcheka, mwalimu akamshuku kuwa mzito wa akili, Bimkubwa akataka kumtoa, lakini Hasina kila mapumziko alikuwa akitoka uwanjani kuruka kamba na kucheza mawe na wale waliomcheka, na kabla mwaka haujesha alikuwa akigombana nao kwa Kiarabu safi, akipenda kusema mpaka uzeeni kwamba lugha hiyo hakupewa na darasa, aliichukua uwanjani. Alimaliza sekondari Juni 1977, akasomea ualimu miaka miwili, na tarehe 8 Septemba 1979 akaajiriwa skuli ya msingi palepale Hamriya, kisha akahamishiwa Ghubra mwaka 1986.

Kuhusu ndoa, marehemu aliolewa tarehe 12 Agosti 1982 na Bwana Azzam, fundi mkuu wa mabomba ya maji, aliyezaliwa na kukulia Tabora, yupo hapa mbele yangu, na shemegi yangu atanisamehe nikisema kwamba sisi watu wa Unguja tulimshuku miezi sita mizima, Bimkubwa akidai kwamba mtu anayesema Kiswahili cha bara namna ile lazima ana mke mwengine huko bara. Hakuwa naye. Walijaaliwa watoto wawili, Lamya, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1984, na Sinan, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1988, na wajukuu watano.

Kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo ilianza kwa ajali. Mwezi wa Februari 1994 Lamya alivunjika paja, akalazwa wodi ya watoto wiki tano, marehemu akalala naye, na mchana kutwa akawa anawatazama watoto wa vitanda vingine wakitazama dari. Kitanda cha pembeni alikuwepo mtoto wa miaka mitano, Nouf, aliyeungua kwa maji ya moto, ambaye kila muuguzi alipokuja kumbadilisha bendeji alipiga makelele hata ikabidi ashikwe na watu wanne, na siku ya sita Hasina akamwomba muuguzi bendeji safi na mkasi butu, akamwekea Nouf mwanasesere kitandani bila ya kumwambia neno, akakaa pembeni. Nouf alimfunga mwanasesere kichwa, akamfunga mkono, akamkaripia, "Tulia! Ukitikisika itauma zaidi!", akamfunga na Hasina, akamfunga na muuguzi, na siku ya pili yake akanyoosha mkono wake mwenyewe. Daktari wa zamu aliyesimama mlangoni akauliza, "Mama, umesomea wapi haya?" Akajibu, "Sijasomea, daktari." Yule akamwambia, "Basi nenda kasomee, sisi hatuna mtu wa kazi hii."

Alikwenda. Tarehe 14 Septemba 1996 alisafiri kwenda Uingereza kusomea mchezo wa watoto na namna ya kuwafunza watu wanaousimamia, akawaacha watoto kwa baba yao miezi kumi, na hapo ukoo mzima ukaingia wasiwasi, nikiwemo mimi, Bimkubwa akinipigia simu kazini, "Mtu anavuka bahari kwenda kusomea kucheza? Hebu niambie kweli, Hasina ameachwa?" Nami, niliyekuwa afisa wa forodha na kushuku ndiyo kazi niliyoajiriwa, nilikwenda nyumbani kwa Azzam nikijidai nimepita tu, nikatazama viatu vilivyopo mlangoni, nikahesabu vikombe. Nikamkuta anamsuka binti yake nywele, na anamsuka vibaya.

Aliporudi Julai 1997 alifanya kazi katika wodi ileile mpaka alipostaafu mwisho wa mwaka 2008, na tarehe 7 Machi 2009 akafungua uwanja wa mchezo nyuma ya nyumba yake hapa Ghubra, ambao wengi mlipouona mara ya kwanza mlidhani ni pahala pa kutupia takataka, mbao, mipira ya magari, mashuka makuukuu, masufuria yaliyotoboka, mchanga, mfereji wa maji, na nyundo za kweli. Sambamba na uwanja akaanza kufunza watu, ghorofani juu ya duka la mshoni Hamriya, kila Jumapili asubuhi, wanafunzi wake wakiwa wauguzi, kina mama wanaosindikiza watoto kwenye mabasi ya skuli, mayaya kutoka Tanga na Mombasa, na mabibi waliokwisha lea wajukuu ishirini wakaona hawana la kufunzwa. Aliwaita walezi wa mchezo. Somo la kwanza alikuwa akimpa mtu kigoda na daftari, akae nusu saa karibu na watoto wanaocheza, asiseme, asinyooshe kidole, asimwokoe mtoto asiyezama, aandike alichokiona tu, na wengi walishindwa, yuko bibi mmoja aliyestahamili dakika nne kisha akapaza sauti, "Mwanangu, mlango wa nyumba hauwekwi huko!", watoto wote wakaacha kujenga wakaondoka. Hasina akamwambia, "Umeona, bibi? Nyumba ilikuwa yao, sasa imekuwa yako, na wewe huna haja nayo."

Nataka hapa ijulikane kwamba dada yangu hakuwa mtu wa kumwamini kila mtu macho yamefumbwa, kwani kila aliyetaka kufunzwa alileta barua ya polisi, alitembelewa nyumbani kwake, na uwanjani walezi walikaa wawiliwawili, kila mmoja akimwona mwenzake. Mzazi aliyekuwa na shaka na mlezi alikaribishwa kitini, mlezi akaitwa, shaka ikasemwa mbele yake, na Hasina akiwa baina yao. Alikuwa akisema shaka iliyosemwa usoni mtu anaweza kuijibu, ile ya nyuma ya mlango inajilia na kunenepa. Mimi nilimsikia akilisema hilo mara nyingi, nikidhani linawahusu wengine.

Mwezi wa Septemba 2013 alijiunga mwanafunzi aitwaye Ayman, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, muuza vigae wa Hamriya, mtu wa maneno machache, hajaoa, aliyemweleza Hasina kwamba amelea wadogo zake saba na hajapata kazi nyengine aliyoiweza vizuri hivyo. Mimi nilikuwa nimestaafu forodhani mwaka mmoja kabla, baada ya miaka thelathini na moja, muda nnao mwingi na kazi sina, na nilipomwona mara ya kwanza kakaa juu ya kigoda anawatazama watoto na kuandika, nilimshuku hapohapo. Nilianza kumchunguza. Nilijua gari yake, nikajua saa anazotoka dukani, na mwezi wa Januari 2014 nikamfuata alasiri tatu mpaka Qantab, nikaegesha nyuma ya mashua zilizopandishwa ufukweni, nikamwona kakaa karibu na watoto wa wavuvi waliokuwa wakijenga ngome kwa makreti ya samaki, anaandika, hasemi nao, saa nzima, kisha anaondoka. Nilichokiona kilikuwa ni kazi ya masomo aliyopewa na dada yangu, wazee wa watoto wale wameombwa ruhusa wakaitoa, na ningeliuliza swali moja ningelijibiwa. Sikuuliza.

Badala yake, Ijumaa tarehe 24 Januari 2014, baada ya swala ya alasiri, katika sabla hiihii, kahawa inapita, nilisema mbele ya watu sita, "Kijana hana mke, hana mtoto, anakaa na daftari anaandika majina ya watoto wa watu. Mimi forodhani, mzigo kama huo ningeufungua." Mmoja aliweka kikombe chini.

Tarehe 9 Februari barua isiyo na jina ilifika ofisi inayohusika, na tarehe 11 uwanja ukafungwa. Hasina alipewa nakala, akaja nayo kwangu, akanisomea kwa sauti, na ndani yake yalikuwemo maneno yangu, daftari, majina, na kwamba mzigo kama huu haufai kupita bila ya kufunguliwa. Akanitazama, akasema, "Huyu anaandika kama mtu wa bandarini." Nikamjibu, "Siku hizi kila mtu anasema hivyo."

Uwanja ulifungwa miezi minane. Ayman alihojiwa mara nne, mwenye duka la vigae akamwambia akae nyumbani mpaka mambo yatulie, hayakutulia, na jamaa wa msichana aliyemposa wakarudisha pete. Walezi wakaogopa kukaa karibu na mtoto yeyote, mayaya waliofunzwa wakakatazwa na matajiri wao kuwatoa watoto nje, na mtaa huu, nyinyi mnakumbuka, ulikuwa mtu akikusalimu unajiuliza kwa nini amekusalimu. Mwezi wa Machi tulikaa barazani kwa Hasina, yeye, Azzam, Lamya na mimi, Lamya amekasirika, ana karatasi anaandika majina ya wanaoweza kuwa wameandika ile barua, na mimi, ndugu wa mama yake, nikamsaidia, nikataja jina la mama mmoja jirani ambaye hakujua lolote, na yupo upande wa pili leo ananisikia. Hasina aliichukua ile karatasi mkononi mwa binti yake akaichana, akasema, "Tukianza hivi, kesho hatutoweza kumpa mtu salamu."

Uchunguzi haukukuta kitu, si kwa Ayman, si kwa mlezi mwengine yeyote, wala si katika yale madaftari, ambayo ndani yake watoto waliandikwa kwa herufi moja moja, ikaandikwa barua ya kumsafisha, na uwanja ukafunguliwa tarehe 19 Oktoba 2014, wakarudi watoto tisa badala ya arubaini. Ilimchukua dada yangu miaka mitatu kurudisha imani ya wazee, nyumba baada ya nyumba, akikaa na kila mama mwenye khofu, na mpaka anafariki alikuwa amewafunza watu mia mbili na kumi na wanne, ambao baadhi yao wanafanya kazi katika wodi za watoto na maskuli ya mji huu. Ayman hakurudi. Alihamia Sur, akafungua karakana ya mbao, na Hasina akawa akimpigia simu kila Ijumaa. Yule aliyeandika ile barua ameshatangulia mbele ya haki, alikuwa baba aliyemkhofia mwanawe, na khofu ile niliitia mimi.

Kuhusu maradhi yake, marehemu aligunduliwa na saratani ya kongosho tarehe 18 Aprili 2023, akaanza matibabu hospitali mwezi uliofuata, na tarehe 10 Juni, nilipokwenda kumtazama nyumbani, nimekaa pembeni ya kitanda namenya chungwa, nilimwambia yote, Qantab, sabla, karatasi ya Lamya. Akasema, "Miaka tisa shaka hiyo ikinijia naifukuza, naiambia, ndugu yangu hawezi." Halafu akasema, "Ondoka, Mahfoudh." Wiki tano hakupokea simu yangu, nami namwambia kila anayedhani kwamba mgonjwa husamehe haraka, kuwa dada yangu hakuharakisha.

Tarehe 16 Julai alinipigia mwenyewe, sauti imekuwa nyembamba, akasema, "Jumapili ijayo saa tatu, Hamriya, kwenye darasa. Usichelewe, na usije na maneno." Nikaenda, mzee wa miaka sitini na tatu, nikakalishwa pamoja na mayaya na wauguzi vijana, na nilikuwa mwanafunzi mbaya kupita yule bibi wa dakika nne, maana kazi yangu ya kwanza niliandika kwamba mtoto mwenye fulana nyekundu anapanga njama ya kuwanyang'anya wenzake mbao, na Hasina akairudisha amepiga mstari chini ya neno njama, pembeni ameandika, "Umeona au umedhani?" Swali hilo aliniandikia mara kumi na saba, nimezihesabu, na siku ya kumi na nane niliandika kwamba mtoto mwenye fulana nyekundu alikusanya mbao nane, akampa mdogo wake tatu, akakaa juu ya zilizobaki, akaimba. Hakuandika kitu. Cheti changu nilipewa tarehe 26 Mei 2024, yeye kakaa kwenye kiti cha magurudumu, na aliponikabidhi alisema, nami peke yangu nikamsikia, "Langu nimekusamehe. La Ayman silo langu, siwezi kukusamehea. Nenda mwenyewe." Nikamwahidi. Mara mbili nilitia gari mafuta ya kwenda Sur, mara zote mbili nikarudi njiani.

Mwezi wa Disemba hali ilibadilika, akalazwa tarehe 29, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na Azzam, Lamya na Sinan, dada yangu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba, akazikwa siku hiyohiyo baada ya alasiri makaburini Amirat.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi ishirini, na khasa wale wawili wa wodi ambao aliwafunza yeye mwenyewe na mwisho wakamwangalia yeye, inawashukuru majirani wa Ghubra kwa vyakula na kwa kuwachukua wajukuu mchana ili wacheze pahala pasipo na vilio, inawashukuru walezi wa mchezo waliofika kutoka Nizwa, Sohar na Sur, na kila aliyesimama kaburini kwenye jua. Mwenye dai lolote kwa marehemu amwendee Sinan.

Kwa upande wangu, mama jirani niliyemtaja uongo mwaka 2014, nakutaka radhi, nitakuja kwako na mke wangu kesho. Na Ayman yumo humu. Alikuja na gari yake Jumanne bila ya kuitwa na mtu, Azzam akampa nafasi ya kubeba jeneza mbele yangu, nikatembea nyuma ya mgongo wake mpaka kaburini, na wengi wenu mlimtazama kwa jicho mlilolipata kwangu. Nasema mbele ya watu wengi zaidi ya wale sita, kwamba niliyoyasema juu ya mtu huyu katika sabla hii sikuyaona, niliyadhani, na yakamharibia kazi, ndoa na mji. Sikuombi Ayman unijibu hapa, mbele ya watu si pahala pa kumbana mtu.

Mola akurehemu, dada, akupe mapumziko yasiyo na maumivu, ulale salama. Mimi naiweka karatasi hii chini, kwani nna mtu wa kumwendea, kakaa pale karibu na mlango.